Juu ya Karavati

Jalia aliona konokono kwanza. Walikuwa wamepanda kwenye mabua ya matete, mmoja juu ya mwingine, mpaka matete yenyewe yakapinda kwa uzito wao. Alisimama ukingoni na ndoo yake, akadhani labda mvua ya jana ndiyo iliyowafukuza majini. Kisha akamsikia Marie-Jeanne akimwita kutoka chini bondeni, kwa sauti ya mtu asiyetaka wengine wasikie.

"Mama Shamirah, njo uone. Iko kitu mu maji."

Tangu alipopanga chumba cha uani kwa Jalia, Marie-Jeanne alikuwa akichimba minyoo ya chambo katika kijito hicho. Yeye alichimba, Jalia akauza. Waliijaza kwenye makopo pamoja na udongo mbichi, kisha Jalia akaipeleka Port Bell kwa wavuvi wa ndoana. Ilikuwa kazi ya kuinama. Kwa kawaida ilibidi kulivunja tope kwa vidole, kipande kwa kipande, mpaka mgongo ukatae. Asubuhi hiyo hakukuwa na haja ya kuchimba. Minyoo ilikuwa imetoka yenyewe. Ilitapakaa juu ya tope, michache ikijinyonganyonga, mingi imelala tu. Kaa wawili wadogo walikuwa wametoka majini wakasimama katikati ya njia, na hawakukimbia hata Jalia alipowakaribia. Ruba walikuwa wamejibana kwenye mwamba mkavu, juu kabisa ya maji.

"Basi leo tumepumzishwa," Jalia alisema, lakini moyo wake haukuwa kwenye maneno hayo. "Tujaze twende."

"Hii haitoke hivi." Marie-Jeanne alikuwa amepiga magoti, anaokota. "Hii inakimbia. Inakimbia nini?"

Walipojaza makopo machache, Marie-Jeanne alianza kujikuna. Alizamisha mikono kijitoni apate kuipoza, akaitoa haraka. Ilikuwa imekuwa myekundu mpaka juu ya vifundo, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Jalia aliinama akanusa maji. Harufu ya choo aliizoea, kwa sababu mabonde yote ya upande ule yalikuwa na harufu hiyo. Hii ilikuwa nyingine, kali, ya kukwaruza koo, kama maji ya betri. Aliijua harufu hiyo. Alikuwa ameinusa karibuni, tena si nje. Alijaribu kukumbuka wapi, akashindwa, na kushindwa huko kukamkera njia nzima hadi ziwani.

Port Bell hawakuuza hata kopo moja. Mvuvi aliyekuwa mteja wao wa siku nyingi alimimina kopo juu ya ubao wa mtumbwi wake. Minyoo ikaanguka kwa mkupuo, laini, imeshaanza kubadilika rangi.

"Mama, leo unaniuzia maiti?" aliuliza, na wenzake wakacheka. Alifuta ubao kwa mguu. "Samaki wa hapa sio wajinga. Leta mzima au usilete."

Jalia aliokota makopo yake huku akijua kwamba wanamtazama. 

*

Walipofika nyumbani, Filda alikuwa mlangoni. Filda alikuwa jirani yao wa upande wa chini, mjane aliyefuga mabata na kulima magimbi kando ya kijito. Alikuwa amebeba beseni la kufulia nguo. Aliliweka kizingitini mwa Jalia bila salamu. Ndani yake mabata yalilala na shingo zimepindana.

"Bata yangu yote imekufa," alisema. "Yote. Imekula ile minyoo iko juu ya matope, ikaanza kuzunguka kama mlevi, ikakufa."

"Pole, Mama," Jalia alisema. "Hata sisi tumeona. Kuna kitu ndani ya..."

"Sikukuja kwa pole." Filda alimgeukia Marie-Jeanne. "Huyu Mkongo wako ndiye anamwaga sabuni mu maji minyoo itoke haraka. Watu wa chambo wanafanya hivyo, kila mtu anajua. Leo amemwaga kitu gani? Amemwaga dawa gani?"

"Mimi sikumwaga kitu, Mama," Marie-Jeanne alisema.

"Onyesha mikono."

Marie-Jeanne aliificha mikono yake ndani ya kitenge. Hakufikiri, aliificha tu. Na watu waliokuwa wameanza kukusanyika uani waliona jinsi alivyoificha. Mtu mmoja akasema, "Si mnaona." Mwingine akasema wakimbizi wakipewa mahali pa kukaa huharibu. Huguette, binti mdogo wa Marie-Jeanne, alitoka chumbani na kijiko mkononi akasimama nyuma ya mama yake.

Mwenyekiti wa kijiji, bwana Abwola, alifika akiwa bado anatafuna. Alikuwa mtu wa kupenda amani kuliko haki, na alijijua. Alitazama beseni, akatazama mikono ya Marie-Jeanne, akavuta pumzi.

"Mimi sitaki fujo mu kijiji yangu," alisema. "Kesho tutakaa, kila mtu aseme yake. Lakini wewe nyabo, Mama Huguette, nakuambia mbele ya watu: kama ni wewe, utahama, na polisi nitawaita mimi mwenyewe. Mpaka kesho usikanyage kule chini. Na watu wasichote maji ya pale."

"Na hii mtoto wangu nitamlisha nini mpaka kesho?" Marie-Jeanne aliuliza.

Mwenyekiti aliligeukia beseni la mabata. Akamwambia Filda alichukue beseni lake. Filda akakataa, akasema likae hapo hapo mlangoni watu walione.

*

Jalia alipopita chini ya kamba ya nguo kwenda jikoni ndipo harufu ilipomrudia. Suruali ya kazi ya mumewe ilikuwa imeanikwa pale, imekauka nusu. Hakuwa ameifua yeye. Aliishika akaipeleka puani, kisha akaiachia kana kwamba imemuuma.

Rajab aliendesha gari la maji taka, tangi kubwa lenye mpira wa kunyonyea vyoo na mashimo. Gari halikuwa lake. Mwenye gari aliishi Naguru, na Rajab alimwona siku ya kukabidhi hesabu tu. Mchana huo alikuwa nyumbani, amekaa pembeni ya kitanda, mguu mmoja ndani ya beseni la maji. Jalia alifunga mlango.

"Ile suruali umeifua mwenyewe."

"Ilikuwa chafu."

"Miaka yote unabeba kinyesi, Rajab. Suruali gani ilikuwa safi?"

Jalia alichuchumaa akauinua mguu ule kutoka kwenye beseni. Kifundo kilikuwa kimevimba, ngozi imefanya malengelenge na kuwa nyekundu, ile ile nyekundu ya mikono ya Marie-Jeanne. Akaurudisha majini taratibu.

"Ulimwaga nini?"

"Mpira ulichomoka nikiwa nafungua, ukanimwagikia. Ni kidogo tu, kitapona."

"Sikuulizi mguu."

Rajab alitazama mlango. Nje sauti ya Filda ilikuwa bado inasikika. "Halikuwa tangi la kinyesi," alisema mwishowe. "Walinijazia kiwandani. Waliniambia ni maji waliyooshea mapipa. Mimi dereva, Jalia, siulizi. Naambiwa nipeleke kituoni, kule wanakosafisha."

"Na ulipeleka?"

"Foleni ilikuwa mpaka barabarani."

"Nimekuuliza."

"Kwenye karavati," alisema. "Pale njia ya zamani inapovuka kijito. Pale hakuna nyumba."

Jalia aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Kituoni dereva hulipa kabla ya kumwaga, na pesa hiyo tajiri mwenye gari humtumia Rajab kwa simu asubuhi; asipofika kituoni, hubaki kwake. Aliwaza juu ya viatu vipya vya shule vya binti yao Shamirah, na juu ya karo iliyolipwa mapema muhula ule bila mtu kukopa. Alikumbuka kwamba aliona, akafurahi, wala hakuuliza.

"Si mara ya kwanza," alisema.

"Kinyesi, si mara ya kwanza. Na madereva wengine wanafanya. Hii ya kiwanda ni mara moja, Wallahi. Ningejua ni kitu cha kuua..."

"Wanasema ni Marie-Jeanne."

"Nimesikia."

"Basi toka useme."

Rajab alishusha sauti. "Nikisema wananifunga. Gereza lile unaliona ukianika nguo, Jalia, sio kitu cha mbali. Leseni wataichukua. Shamirah atakaa nyumbani. Wewe hata minyoo ya kuuza huna tena. Lakini yeye wakimwondoa, wanamwondoa tu. Atapata chumba kwingine. Wamezoea kuhama."

"Wamezoea kuhama," Jalia alirudia.

Rajab alifunika uso kwa mikono. "Sikutaka kusema hivyo."

Jalia alikaa pale mpaka maji ya beseni yakapoa. Alitaka kumchukia, ikawa vigumu, kwa sababu kila alilolisema juu ya nyumba yao lilikuwa kweli. Baadaye alichukua kopo la mafuta ya mgando akavuka ua kwenda chumba cha Marie-Jeanne. Mikono ilikuwa imevimba hata haiwezi kukunjika, na Huguette alikuwa anamlisha mama yake uji kwa kile kijiko, anapuliza kwanza, anamtilia mdomoni.

Jalia alimpaka mafuta polepole. Marie-Jeanne aliuma meno.

"Baba Shamirah hajambo?" aliuliza. "Asubuhi nimemuona anachechemea."

"Amejigonga kwenye gari," Jalia alisema.

"Pole yake," Marie-Jeanne alisema, bila kuinua macho.

*

Mkutano ulifanyika kesho yake mbele ya duka lililo karibu na nyumba ya mwenyekiti. Filda alisema yake. Wengine walisema yao, hata mambo yasiyohusu kijito: takataka, watoto wa Marie-Jeanne, ingawa alikuwa na mmoja, na harufu ya samaki uani kwa Jalia. Marie-Jeanne alisimama katikati, mikono imefungwa vitambaa, akajibu kila swali kwa maneno yale yale, kwamba yeye hakumwaga kitu. Kadiri alivyolirudia neno hilo ndivyo lilivyozidi kusikika kama uongo. Jalia alikaa kwenye benchi. Mara mbili alidhani anasimama, na mara mbili akajikuta bado amekaa.

Wakati huo bodaboda ilisimama, akashuka msichana aliyevaa buti za mpira, na wavu wa mpini mrefu begani. Alikuwa Vera, mwanafunzi wa chuo kikuu anayepanga hosteli Wandegeya. Kila mwezi alikuja kuchota wadudu wa kijitoni, akawahesabu, akawarudisha, na watoto wa kijiji walimwita Dada Wadudu. Alisalimia watu akauliza kuna msiba gani.

Mwenyekiti akamweleza. Vera alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa aibu kidogo, kwani hakuzoea kusema mbele ya watu wengi:

"Mimi siwezi kuwaambia ni nani. Ila naweza kujua ilianzia wapi. Konokono hana mbio, na mnyoo hivyo hivyo. Sumu ikipita, vidudu hivyo vinakufa pale pale vilipokuwa. Tukipanda na maji kwenda juu, tutakuta vilivyokufa, vilivyokufa, halafu mahali fulani tutakuta vizima. Hapo katikati ndipo kitu hicho kilipoingia."

"Na kama kilianzia pale huyu anapochimba?" Filda aliuliza.

"Basi juu ya pale kutakuwa na vizima, Mama. Twende pamoja, uone kwa macho yako."

Mwenyekiti alikubali haraka, maana ilikuwa afadhali kutembea kuliko kuamua. Aliwachagua watakaokwenda: Filda, Marie-Jeanne, Vera, na yeye mwenyewe. "Na wewe Mama Shamirah, mpangaji ni wako."

Jalia alifunga kanga yake vizuri akainuka.

*

Vera aliingia majini na buti zake. Alitia wavu chini, akachakura tope mbele yake kwa mguu, maji yakabeba kila kitu hadi kwenye wavu. Kisha akaugeuza ndani ya trei nyeupe ya plastiki. Palikuwa mahali pa magimbi ya Filda. Katika trei kulikuwa na majani, mchanga, maganda ya konokono, na minyoo myeupe iliyolegea. Alivigusa kimoja kimoja kwa kijiti. Hakuna kilichojikunja.

"Mwezi uliopita hapa walikuwa tele," alisema. "Hata watoto wa kereng'ende."

"Kereng'ende yuko na watoto mu maji?" mwenyekiti aliuliza.

"Wanaishi majini muda mrefu kabla ya kuota mabawa."

Walipanda. Wakafika mahali Marie-Jeanne anapochimba, ambapo nyayo zake za jana zilikuwa bado kwenye tope. Vera alipita bila kusimama, akaenda hatua za kutosha juu yake, akatia wavu. Wote waliinama juu ya trei. Maganda. Minyoo iliyolegea. Kaa mmoja amelala chali.

Filda alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alitazama chini mahali pa kuchimbia, akatazama trei tena, akageuka kutazama maji yanakokwenda.

"Maji haipandi," alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe.

"Haipandi," mwenyekiti alikubali.

Jalia aligeuka kuelekea njia ya kurudi. "Basi imetosha," alisema, na sauti yake ikatoka haraka kuliko alivyotaka. "Mama Huguette ameshasafika. Jua ni kali, mikono yake inauma. Turudini tuwaambie watu."

Marie-Jeanne alimtazama. Alimtazama vizuri, kwa muda, kisha akayaondoa macho yake akayaweka kwenye maji.

"Tumeshafika hapa, tumalize," mwenyekiti alisema. "Mimi nitawaambia watu nini? Kwamba sio huyu, lakini sijui nani? Kesho watasema ni mwingine."

Wakaendelea. Jalia alibaki nyuma. Kila Vera alipotia wavu, aliomba kimoyomoyo kiwepo kitu kimoja kinachotikisika, ruba mmoja tu, mnyoo mmoja, ili mwanzo wa kifo upatikane mahali penginepo, kwenye bustani ya mtu, kwenye mfereji wa mtu mwingine. Chini ya gereji hapakuwa na kitu. Chini ya mahali wanapofyatua matofali hapakuwa na kitu. Karavati lilianza kuonekana kati ya matete, mdomo wake mweusi, na njia ya zamani juu yake. Vera alitia wavu chini ya mdomo ule. Jalia hakuhitaji kutazama. Aliona nyasi za ukingoni zilivyoungua, mstari mmoja mpana kutoka njiani hadi majini, na aliona alama za matairi mapana, ya nyuma yakiwa mawili mawili.

Walipanda njia, wakavuka, wakashuka upande wa pili. Vera alichakura mara moja tu. Trei iliyogeuzwa ilijaa mwendo. Ruba walinyooka na kujivuta, minyoo ilijiviringisha, konokono alitoa pembe zake, na kidudu kimoja cha kijivu, chenye miguu mirefu na macho makubwa, kilikimbia kutoka kona hadi kona kutafuta pa kujificha.

"Huyo ndiye mtoto wa kereng'ende," Vera alisema kwa upole.

Filda alianza kulia. Hakuwa analia kwa hasira tena. Alisema hayo mabata aliyapata yakiwa mayai, akayalalia kwa blanketi.

Mwenyekiti alirudi njiani akasimama juu ya alama za matairi. "Magari gani yanafika hapa?"

Vera hakujua. Filda alitikisa kichwa. Marie-Jeanne alikuwa amesimama na mikono yake ya vitambaa mbele ya tumbo, anatazama chini, kimya, na katika kimya hicho Jalia akaelewa. Kamba ya nguo ilikuwa moja kwa wote wawili. Suruali ile ilianikwa mbele ya dirisha la Marie-Jeanne, na hakuna aliyeijua harufu ile kuliko yeye. Alijua tangu jana. Alijua alipokuwa akipakwa mafuta. Alikuwa amesimama katikati ya mkutano akaitwa mwuaji wa mabata, naye anajua, akanyamaza kwa sababu mwenye nyumba ni Jalia, na neno la mpangaji mkimbizi juu ya mume wa mwenye nyumba lingemrudia yeye mwenyewe. Au alikuwa anangoja. Jalia hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Ni gari la maji taka," Jalia alisema. "Ni gari la Rajab. Mume wangu."

Mwenyekiti alimgeukia kana kwamba hakusikia sawasawa.

"Juzi jioni," Jalia aliendelea. "Kuna kiwanda kilimjazia. Alimwaga hapa."

Filda alijifuta uso kwa kiganja. "Na leo ulikaa kwenye benchi," alisema. "Tulimtukana huyu, wewe umekaa."

"Nilikaa," Jalia alisema.

*

Rajab hakukimbia. Walimkuta amevaa shati safi, amekaa mlangoni, akawafuata askari bila kuambiwa mara mbili. Lakini kwenye kituo cha polisi alikubali kosa lake tu. Alipoulizwa kiwanda gani, alisema hakumbuki ni lango lipi aliloingia. Tajiri wa Naguru alikuwa ametuma mtu kumwambia avumilie, kwamba akinyamaza atatolewa na gari litamngoja.

Uani hakuna aliyemsalimia Jalia kwa sauti ya kawaida. Wengine walimpongeza kwa jinsi inayofanana na kusuta. Ndugu zake Rajab walikuja wakakaa, wakanywa chai, wakamwuliza ni mke gani anayemtaja mumewe mbele ya watu. Shamirah aliporudi shuleni alikula, akaosha sahani, akauliza kama baba ana blanketi.

Siku Jalia aliporuhusiwa kupeleka chakula, alipika wali na maharagwe akaufunga kwa kitambaa. Alipotoka alimkuta Marie-Jeanne langoni, amevaa viatu vya kanisani.

"Tunaenda pamoja," Marie-Jeanne alisema. Akanyoosha mikono iliyofungwa apokee kapu, Jalia akakataa kumpa, wakaenda.

Njia nzima Jalia alitafuta namna ya kumwomba neno moja. Mwenyekiti alikuwa amemwambia: mlalamikaji ni yule Mkongo, mikono yake ndiyo ushahidi, akiondoa malalamiko mambo yatakuwa mepesi. Jalia aliliandaa neno mdomoni, akalimeza kwenye kona, akaliandaa tena. Walifika kabla hajalitoa.

Askari wa kaunta alikuwa mtu wa makamo, mwenye Kiswahili cha jeshini. Alifungua kapu, akachungulia wali, akamwuliza Marie-Jeanne yeye ni nani wa mahabusu.

"Jirani. Ni mimi nimeungua."

Askari aliweka kalamu chini. "Wewe ndiye mlalamikaji? Na unamletea chakula?"

"Ndiyo, afande."

"Basi kumbe mmeelewana. Ukitaka kuondoa malalamiko, sema sasa, tumalize. Mnaishi ua mmoja, kesi ya nini?"

Jalia alitazama sakafu.

"Chakula nimeleta," Marie-Jeanne alisema. "Malalamiko siondoe. Nikiondoa, kesho mu kijiji watasema basi ilikuwa mimi. Na kile kiwanda kitatafuta gari ingine, kimwage tena. Anajua lango, afande. Aseme lango. Akisema, mimi nitakuja hapa nimwombee, hata kwa magoti." Alimgeukia Jalia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile sauti yake ilitetemeka. "Nisamehe, Mama Shamirah. Siwezi."

Jalia alitafuta hasira ndani yake, akakuta uchovu tu, na chini ya uchovu kitu kama aibu iliyoanza kupata pa kukaa.

"Hujakosea," alisema.

Walimwita Rajab. Alikuja akichechemea, ndevu zimeota, akasimama upande wa pili wa nondo. Alipomwona Marie-Jeanne alirudi nyuma nusu hatua. Jalia alimpitishia sahani.

"Amekuja kuondoa?" Rajab aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Umemwomba?"

"Sikumwomba," Jalia alisema. "Na sitamwomba."

Rajab alishika sahani, mvuke ukimpanda usoni. Aliitazama mikono ya Marie-Jeanne iliyolala juu ya kaunta, vitambaa vimelowa usaha kwenye vidole. Askari alikohoa, akasema wakati unakwisha, kama anakula ale.

"Mama Huguette," Rajab alisema. "Daktari amesema mikono itapona?"

"Hii ya kulia, ndiyo. Hii ingine hajui."

Rajab aliweka sahani sakafuni bila kuionja. Alifuta viganja vyake kwenye suruali, mbele na nyuma, kama mtu anayejiandaa kushika kitu kisichotakiwa kuchafuka.

"Afande," alisema, "njoo na kalamu yako."